Mashine ifike kwa tarehe yako: mwongozo kamili kwa mkulima mwanamke

Mkulima anaweza kuishi kijiji kimoja na trekta na bado lisimsaidie chochote. Linapita mbele ya nyumba yake, linaingia kwenye mashamba makubwa ya kando ya barabara, na linapomfikia yeye mvua zimeshakolea na udongo umekuwa tope. Takwimu zitasema eneo hilo lina mashine. Yeye atapanda kwa kuchelewa kama mwaka jana.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilieleza kuwa mashamba yanayosimamiwa na wanawake yana tija ndogo kwa asilimia 24 kuliko ya wanaume yenye ukubwa uleule. Sababu ni nyingi: mbolea, mbegu, ushauri wa ugani, nguvukazi, mikopo. Zana zimo katikati ya hizo zote, maana ukichelewa kulima, hata mbolea uliyonunua inafanya kazi nusu.

Kwa hiyo swali la kubeba katika kila hatua hapa chini ni hili: mashine itaingia shambani kwangu siku gani, na ni nani anayeiamua siku hiyo? Mwongozo huu unamhusu mwanamke anayelima peke yake, anayelima na mwenzake, na walio kwenye kikundi.

Hatua ya 1: Anza na kazi inayokumaliza

Watu wengi wakisikia mashine za kilimo wanafikiria kulima tu, yaani plau na trekta. Mimi naona hapo ndipo mipango mingi inapopinda. Kulima kwa trekta kunapanua eneo, lakini palizi inabaki ya mkono, na kwenye kaya nyingi palizi ni kazi ya wanawake na watoto. Ukitoka ekari mbili za jembe la mkono kwenda ekari tano za trekta bila kufikiria palizi, hujapunguziwa kazi. Umeongezewa ekari tatu za kuinamia.

Chukua daftari, andika kazi zote za zao lako tangu kusafisha shamba hadi kuweka nafaka ghalani. Mbele ya kila kazi andika vitu vitatu: siku ngapi za watu inachukua, ni nani anaifanya, na ikichelewa wiki moja unapoteza nini. Kazi yenye siku nyingi, inayokuangukia wewe, na yenye hasara kubwa ikichelewa ndiyo ya kwanza kutafutiwa mashine. Huenda ikawa kulima. Mara nyingi itakuwa kupanda, kupalilia au kupukuchua, na habari njema ni kwamba mashine za kazi hizo kwa kawaida ni ndogo na nafuu kuliko trekta.

Kuna mnyororo hapa wa kuangalia. Mashine ya kupalilia hupita katikati ya mistari, kwa hiyo haifai kitu kwenye shamba lililopandwa kwa kutawanya. Ukitaka kupalilia kwa mashine, lazima upande kwa mstari, na nafasi kati ya mistari ilingane na upana wa mashine. Kwa mahindi yaliyopandwa sentimita 75 kati ya mistari, mashine yenye upana wa sentimita 50 hivi inapita na kubakiza nafasi kidogo kila upande. Yenye sentimita 70 itakukatia mizizi. Maana yake uamuzi wa palizi unafanywa siku ya kupanda, wiki kadhaa kabla ya magugu kuota.

Hatua ya 2: Jua ukubwa wa shamba na saa za kazi

Anayekodi mashine bila kujua ukubwa wa shamba lake hulipia ekari ambazo hana. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Chukua kamba ya mita 50, pima urefu na upana, zidisha, kisha gawanya kwa 4,047. Shamba lenye umbo la ajabu ligawe vipande vya mstatili na pembetatu. Simu yenye programu ya ramani nayo inapima ukizunguka mipaka, ila kwa vipande vidogo sana kamba ni ya uhakika zaidi.

Kisha kadiria saa. Kanuni ni rahisi: upana wa kazi kwa mita, zidisha kwa mwendo wa kilometa kwa saa, zidisha kwa kiwango cha ufanisi (maana kuna kugeuza, kusimama na kupishana), halafu gawanya kwa 10. Jibu ni hekta kwa saa. Plau ya sahani tatu inayokata mita 0.9, trekta likienda kilometa 5 kwa saa, ufanisi wa 0.75, inatoa hekta 0.34 kwa saa. Ekari moja ni kama saa moja na dakika kumi. Pawatila (trekta dogo la magurudumu mawili unaloliongoza kwa mikono) yenye upana wa mita 0.6 inayokwenda kilometa 2 kwa saa, ufanisi wa 0.7, inatoa hekta 0.084 kwa saa. Ekari moja inakula karibu saa tano.

Hesabu hii ndogo itakulinda mara mbili. Kwanza hutadanganywa na dereva anayelipwa kwa saa. Pili, utajua kama foleni uliyowekwa inawezekana: trekta moja lililoahidiwa kwa watu wenye jumla ya ekari 60 wiki hii, likifanya ekari sita kwa siku bila kuhesabu kuhama shamba kwa shamba, haliwezi kumaliza. Aliye mwisho wa orodha hiyo anajulikana.

Hatua ya 3: Kukodi, kumiliki kwa kikundi, au kununua peke yako

Tufanye hesabu kwa tarakimu za mfano tu, uziweke zako baadaye. Mashine imenunuliwa kwa 1,000. Baada ya miaka minane utaiuza 200. Kuchakaa kwake ni 800 kugawanya kwa 8, yaani 100 kwa mwaka. Pesa iliyolala ndani yake, ikiwa ya mkopo au yako, ina gharama: wastani wa thamani ni 600, kwa riba ya asilimia 15 ni 90. Bima na banda, weka 10. Jumla 200 kila mwaka, hata kama mashine haijatoka bandani.

Sasa ukiwalimia watu unalipwa 5 kwa ekari, na mafuta, dereva na matengenezo yanakula 3. Unabaki na 2. Ili kurudisha 200 unahitaji ekari 100 kwa mwaka.

Iwe pawatila, kwa ekari moja kwa siku na siku 30 hivi za kulima kabla msimu haujapita, umefanya ekari 30. Hapo ndipo ndoto ya "nitanunua nikodishe" hukwama. Pesa iliyobaki lazima itoke kwingine: trela la kubeba mavuno, pampu ya maji, mashine ya kupura inayozungushwa na injini hiyohiyo. Kama huna wateja wa kazi hizo, usinunue. Kodi.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, mgawanyo mzuri kwa mwenye ekari chache ni huu: kazi kubwa kama kulima na kupiga haro (kuvunja mabonge baada ya kulima), kodi; kazi ndogo za kila siku kama kupalilia, kunyunyizia na kupandia kwa mashine ya kusukuma kwa mkono, miliki mwenyewe; zilizo katikati, kama kupukuchua na kusukuma maji, miliki na kikundi.

Hatua ya 4: Kodi kama mtu anayenunua tarehe

Mwenye trekta hakatai shamba la mwanamke kwa sababu ya chuki kila mara. Anakataa shamba dogo, la mbali, lenye visiki, ambalo mwenye nalo atalipa baadaye. Wanawake wengi wana mashamba ya namna hiyo hasa, ndiyo maana wanarukwa. Ondoa sababu moja baada ya nyingine.

Unganisha mashamba. Ekari moja moja za watu wanane zinazopakana ni kazi ya zaidi ya siku nzima mahali pamoja, bila kuhama. Zungukeni kwa miguu, mchore ramani ya vipande kwenye karatasi, mwandike jina na ukubwa. Mpeni mwenye mashine kazi moja, malipo mamoja na mtu mmoja wa kuzungumza naye. Ikiwezekana, muondoe kwa muda mipaka ya nyasi inayoweza kuondolewa ili trekta liende mistari mirefu. Mistari mifupi inapoteza muda kwenye kugeuza, na muda huo mnaulipia. Wekeni vigingi imara kwanza, kila mmoja ashuhudie, ndipo mipaka iguswe. Mgogoro wa mpaka ni ghali kuliko trekta.

Safisha njia na shamba. Visiki, mawe yaliyofichika kwenye nyasi, vichuguu. Usichoweza kukiondoa, kiwekee fimbo yenye kitambaa chenye rangi kali. Dereva aliyevunja plau kwenye kisiki chako hatarudi mwakani.

Weka nafasi mapema, na weka pesa kidogo. Fedha ipo wakati wa mavuno na inakosekana wakati wa kulima, kwa hiyo weka akiba ya kulimisha siku ileile unapouza mazao, kwenye kikundi cha kuweka na kukopa au kwenye akaunti ya simu ambayo ni yako peke yako. Mwenye mashine aliyepokea sehemu ya malipo miezi miwili kabla ana sababu ya kukukumbuka.

Andikeni makubaliano, hata nusu ukurasa unatosha: ekari ngapi, kazi gani, kina gani, tarehe ya kuanza na tarehe ya mwisho ambayo ikipita unarudishiwa pesa. Hiyo tarehe ya mwisho ndiyo kiini cha karatasi nzima. Bila hiyo umelipia ahadi.

Siku yenyewe uwepo shambani tangu mstari wa kwanza. Chukua kijiti, kitie alama ya kina mlichokubaliana, tuseme sentimita 20. Dereva akimaliza mstari wa kwanza, kisimamishe kwenye sakafu ya mfereji, kikigusa ukuta wa udongo ambao haujalimwa, siyo kwenye udongo uliotifuliwa, kwa sababu udongo uliotifuliwa huvimba na kudanganya. Alama ikizama chini ya usawa wa ardhi, endelea. Ikibaki juu, msimamishe mwambie arekebishe. Ni rahisi kumwambia mtu kwenye mstari wa kwanza kuliko kubishana ekari nzima ikiwa imekwaruzwa tu. Kama kuna mtu wa kukuambia "mama, wewe kaa pembeni, hii ni kazi ya wanaume", muoneshe kijiti.

Na chimba kidogo kabla: ukifinyanga udongo mkononi ukatoka tonge linalong'aa na kushikamana, ni mbichi mno. Kulima hapo kunaugandamiza na kuacha mabonge yatakayokauka kama matofali. Subiri.

Hatua ya 5: Fedha, na jina kwenye karatasi

Benki nyingi huomba hati ya ardhi kama dhamana, na ardhi nyingi wanayolima wanawake haina jina lao. Ulizia mkopo wa kukodishiwa mtambo hadi uumiliki, ambapo mashine yenyewe ndiyo dhamana na unachotakiwa kuwa nacho ni malipo ya awali. Dhamana ya kikundi ni njia nyingine. Kumbukumbu za mauzo za misimu miwili mitatu, stakabadhi na miamala ya simu, zina uzito zaidi ya unavyodhani. Nenda nazo zikiwa zimepangwa.

Maswali mawili usiondoke bila majibu yake. Je, marejesho yanaanza baada ya mavuno au mwezi ujao? Mkopo wa mkulima unaodai kila mwezi tangu mwanzo humuuzisha mazao mabichi. Na je, riba inahesabiwa juu ya salio linalopungua au juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho? Asilimia 15 ya namna ya pili, ukilipa kidogo kidogo kwa miaka mitatu, ni karibu mara mbili ya asilimia 15 ya namna ya kwanza. Kwenye tangazo zinafanana kabisa.

Jina litakaloandikwa kwenye risiti, kadi ya usajili na bima liwe la aliyelipa. Mkinunua wawili, yaandikwe majina yote mawili. Nimeona mashine nyingi zinazoitwa za familia ambazo mwanamke alizichangia nusu, lakini siku ya talaka au msiba hakuwa na karatasi hata moja. Hili si kukosa imani na mume. Ni utaratibu wa mali yoyote yenye injini.

Ukihitaji hoja mbele ya maofisa, Mkataba wa Kimataifa wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake, wa mwaka 1979, unawataja wanawake wa vijijini katika kifungu cha 14: haki ya kupata mikopo ya kilimo, huduma za masoko na teknolojia inayofaa. Nchi nyingi sana zimeuridhia. Ulizia pia kama kuna ruzuku ya zana iliyotengewa wanawake au vikundi vyao, na fomu hufungwa lini, maana nafasi hizo huisha wakati wengi bado hawajasikia.

Hatua ya 6: Ijaribu kwa mwili wako kabla ya kulipa

Mashine nyingi zimebuniwa kwa kumfikiria mwanamume. Japani, mwaka 2013, wizara ya kilimo ilianzisha mradi wa kuwakutanisha wakulima wanawake na watengenezaji wa bidhaa, zikiwemo za shambani. Wewe huna haja ya kusubiri mradi. Nenda dukani na nguo na viatu vya kazi, ushike.

Pawatila ndiyo inayoumbua zaidi. Nyingi huwashwa kwa hendeli: unainama, unaingiza chuma, unazungusha kwa nguvu mara kadhaa huku mkono mwingine umeshika kitufe cha kuachia mgandamizo, kisha unakiachia. Ikipiga kinyume inaweza kukuvunja kifundo cha mkono. Mwambie muuzaji aiwashe, kisha azime, wewe uiwashe. Ukishindwa, dai yenye selfu, hata kama bei imepanda. Mashine usiyoweza kuiwasha itakuwa chini ya anayeweza. Geuza kona ukiwa umeishika. Bonyeza klachi kwa vidole vyako. Mikono yake ikiwa juu ya kiuno chako sana, uliza kama inashushwa. Kwenye trekta, kaa kitini: je, mguu unakanyaga breki hadi mwisho bila kuteleza mbele ya kiti?

Bomba la mgongoni la lita 16 likijaa linakaribia kilo 20. Lenye betri linakupunguzia kupampu, si uzito. Lijaze nusu, utembee mara mbili.

Kwa mashine iliyotumika, nenda na fundi wako, siyo wa muuzaji, na fikeni bila kutoa taarifa ya saa kamili. Gusa injini kwa tahadhari kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, imepashwa ili isioneshe ugumu wa kuwaka asubuhi. Vuta kijiti cha oili: rangi ya maziwa ina maana maji yameingia. Moshi wa bluu, inakula oili. Soma saa za kazi kwenye mita, kisha linganisha na kulika kwa pedali na tairi; mita hubadilishwa, pedali hazisemi uongo. Halafu uliza vipuri vinapatikana wapi. Mashine nzuri isiyo na vipuri karibu ni chuma.

Hatua ya 7: Jifunze kuiendesha, na ujifunze kuizima

Mafunzo mengi hupangwa mbali na kwa siku nzima nzima, na mwenye watoto hawezi kwenda. Muombeni mkufunzi aje shambani asubuhi kwa saa mbili mbili. Kwenye kikundi wafunzwe wanawake wasiopungua wawili, ili mmoja akiugua mashine isirudi mikononi mwa dereva wa kuazima.

Shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha mitambo kwa kawaida huenda mizunguko 540 kwa dakika, yaani tisa kila sekunde. Ikishika pindo la gauni, mtandio au nywele, huna muda wa kupiga kelele. Kifuniko chake kiwepo muda wote, nguo zibane, nywele zifungwe, na kabla ya kuondoa kilichokwama zima injini kabisa. Usimpakie mtu pembeni ya dereva, hata mtoto, hata kwa hatua chache. Trekta lenye fremu ya kinga dhidi ya kupinduka lina maana ukiwa umefunga mkanda. Kupinduka ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya madereva wa matrekta.

Mjamzito akae mbali na dawa za kunyunyizia na mashine zenye mtikisiko mkubwa, na kikundi kiwe na mtu wa kumpokea bila yeye kupoteza zamu yake.

Hatua ya 8: Kikundi, funguo na daftari

Mashine za vikundi hufa kwa sababu mbili: hakuna aliyeweka pesa ya matengenezo, na mwenyekiti hulimiwa kwanza. Ya kwanza tiba yake ni kila mtu kulipia, hata mwanachama, bei ndogo kuliko ya mgeni, na sehemu inayojulikana kuwekwa kando kabla ya kugawana chochote. Ya pili ngumu zaidi. Pangeni foleni kwa kura, au kwa mpangilio wa mashamba njiani, na msimu unaofuata ianzie mwisho. Kiongozi asipewe zamu kwa cheo. Wageni wahudumiwe baada ya wanachama, wakilipa bei kamili.

Funguo zikae kwa mtu mmoja, daftari kwa mwingine. Kila siku iandikwe tarehe, saa kwenye mita, lita za mafuta, shamba la nani, ekari, pesa. Mafuta yakipanda ghafla kwa ekari zilezile, kuna filta imeziba, jino limelika, au dumu lina tundu lenye miguu. Asubuhi kabla ya kuwasha: oili, maji, filta ya hewa, boliti zilizolegea. Kubadilisha oili fuata kitabu cha mashine. Trekta jipya mara nyingi huanza na saa 50 za kwanza kisha muda hurefuka, injini ndogo huhitaji mapema zaidi.

Hatua ya 9: Funga msimu

Mavuno yakiisha, fungua daftari na uweke safu mbili kando kwa kando: tarehe aliyoomba kila mtu na tarehe mashine ilipomfikia. Toa tofauti ya siku. Angalia nani wamechelewa zaidi na kama wanafanana kwa jambo fulani: wajane, wenye mashamba ya bondeni, waliolipa nusu, wasiokuwa na simu. Nendeni na karatasi hiyo kwa mwenye mashine au kwenye mkutano wa kikundi kabla ya foleni mpya kupangwa, na waliochelewa waanze. Siku hiyohiyo muweke malipo ya awali ya msimu ujao, wakati pesa bado ipo.

Mashine ioshwe na ikaushwe, sahani na majino yapakwe grisi au oili chakavu, petroli itolewe kwenye injini ndogo, betri itolewe na kuchajiwa, panya wazibiwe njia ya kuingia kwenye bomba la moshi, na orodha ya vipuri vya kununua ibandikwe ukutani mwa banda pamoja na jina la atakayevifuata.